Kabila Lisilokuwamo

Katika bao la Kiswahili mashimo ni 32 na kete ni 64, na kila mchezaji hupata sehemu iliyo sawa na ya mwenzake. Hakuna anayeketi mbele ya ubao akasema kwamba kete zake yeye ni za aina nyingine, zina mbio zaidi au zinauma. Drafti ni vivyo hivyo, na sataranji pia. Kinachotofautiana ni rangi tu. Aliyeshinda ameshinda kwa akili yake na aliyeshindwa hana wa kumsingizia, na labda ndiyo sababu kejeli za barazani huwa kali kiasi kile.

Ipo michezo mingine ya mikakati ambayo msingi wake ni kinyume cha huo. Pande zake hazilingani hata kidogo. Upande mmoja una askari wachache waliovaa chuma mwili mzima, mwingine una umati wa watu dhaifu wenye mizinga ya kutisha, wa tatu una mbio lakini ukiguswa unavunjika. Kabla ya pigo la kwanza mchezaji hutakiwa kuchagua atakuwa nani, na hapo ndipo moyo unapoingia. Aliyekwisha kuchagua hasemi tena “askari wangu”. Husema “sisi”, kama asemavyo mshabiki wa Simba au wa Yanga ambaye hajawahi kuugusa mpira wa timu hiyo. Makundi haya mimi huyaita makabila, maana ndivyo wachezaji wenyewe wanavyoishi nayo.

Nataka kueleza kisa cha kabila moja ambalo watu wengi, nami nikiwamo, walilitaka katika mchezo mmoja kwa miaka, na jinsi ombi hilo lilivyojibiwa. Kabila lenyewe ni Tyranids. Mchezo ni Warhammer 40,000: Dawn of War. Msomaji asiyejua lolote kati ya hayo mawili asiogope, nitaanza mbali kidogo.

Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilitoa kitabu cha kanuni kilichoandikwa na Rick Priestley, kiitwacho Warhammer 40,000: Rogue Trader. Ulikuwa mchezo wa mezani. Wachezaji walipanga vinyago vidogo vya askari, wakapima mwendo wao kwa tepu, wakarusha dadu kuamua nani amepigwa na nani amepona. Hadithi yake ni ya mwaka 40,000 na ushei, wakati binadamu wana dola iliyotapakaa galaksi nzima, ikitawaliwa kwa jina la Mfalme ambaye si mzima wala si maiti, na ikiamini kwamba kiumbe yeyote asiye binadamu hastahili kuishi.

Katika kitabu kile cha kwanza Tyranids walikuwamo, lakini kama wageni wamoja kati ya wengi. Viumbe wengine, Genestealers, wenye mikono minne na makucha, ndio waliopata umaarufu mapema, mwaka 1989, kwa mchezo wa Space Hulk, wakiwavizia askari katika vichochoro vya merikebu chakavu ya angani. Anayewatazama lazima aikumbuke filamu Alien ya mwaka 1979. Baadaye waandishi wakaamua kwamba Genestealers na Tyranids ni jamaa moja, na mwaka 1995 kabila zima likapewa kitabu chake lenyewe.

Hao Tyranids wanatoka nje ya galaksi yetu. Hawana mji, hawana bendera, hawana biashara. Kila kitu chao kina uhai: merikebu ni kiumbe, bunduki ni kiumbe, hata risasi. Akili yao ni moja, na hupitia kwa wakubwa ikawafikia wadogo. Ukimwua mkubwa, wadogo hubaki wakihangaika kama wanyama wa kawaida. Wakishukia sayari hula watu, mifugo, miti na majani, hunywa maji yake, na yote waliyokula huyageuza kuwa viumbe wapya. Kinachobaki ni mwamba. Ukitaka kuwaelewa usifikirie jeshi, fikiria siafu. Siafu wakiingia nyumbani usiku hakuna wa kujadiliana naye. Unatoa watoto nje, unafungulia kuku, unangoja wapite.

Mwaka 1996 shemeji yangu aliyekuwa akisoma Uingereza alinipa kitabu hicho cha 1995, kikiwa kimekwisha kupoteza jalada. Vinyago sikuwa navyo, na bei yake hata kuiuliza ilikuwa aibu. Basi tulicheza sakafuni. Vifuniko vya soda vilikuwa askari wa dola, maharage yalikuwa Tyranids, na dadu tuliazima kwenye ludo ya watoto. Maharage yalifaa kuliko tulivyotarajia: yalikuwa mengi, yalifanana, na hayakuonyesha huruma. Mimi siku zote nilikuwa upande wa maharage.

Watu wameniuliza kwa nini. Makabila mengine yote ya mchezo ule ni wasemaji. Askari wa dola wanahubiri, Orks wanatukana, Eldar wanalia juu ya ukuu wao uliopotea, wafuasi wa Chaos wanaapa kwa miungu yao. Kila mmoja ana sababu ya kuua, na sababu hiyo ni lazima uisikie. Tyranids hawana hotuba. Hawamchukii mtu. Wana njaa tu, na katika ulimwengu uliojaa waongo niliona hao ndio wakweli peke yao.

Kuna na jambo jingine. Mambo mengi katika vitabu vile yameandikwa kwa kinywa cha dola ya binadamu. Hata jina “Tyranids” si lao. Walipewa na dola hiyo kutokana na Tyran, sayari yake iliyoliwa kwanza. Sisi ambao ziwa letu kubwa kuliko yote bado lina jina la malkia wa Uingereza tunaijua desturi ya namna hiyo. Sidai kwamba Tyranids wameonewa, maana watu wanawala kweli. Nasema tu kwamba msomaji wa huku, akikuta dola inayowaita wote walio nje yake uchafu wa kufagiwa, si lazima avutwe kukaa upande wa dola.

Septemba 2004 ikatoka Dawn of War, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na Relic Entertainment ya Vancouver, Kanada, na kusambazwa na THQ. Ulikuwa mchezo mzuri sana, na uzuri wake ndio uliofanya upungufu wake uume. Katika michezo mingi ya aina hiyo mchezaji hutuma vibarua wakate miti na kuchimba dhahabu, na vita huja baadaye. Hapa mapato makuu yalitokana na kuteka vituo vilivyotawanyika kwenye ramani na kuvishikilia, hivyo tangu dakika za mwanzo ilibidi kutoka na kupigana. Askari walikwenda kwa vikosi, na kikosi kilichopigwa sana kilivunjika moyo na kukimbia. Mashujaa na mashine kubwa walikuwa na namna zao za pekee za kummaliza adui, hata mchezaji akasahau kutoa amri akabaki anatazama.

Makabila yalikuwa manne: Space Marines, Chaos, Orks na Eldar. Nilipoifungua mara ya kwanza kwenye kompyuta ya ofisi, baada ya saa za kazi, nilipitia orodha hiyo kutoka juu hadi chini, kisha nikaipitia tena.

Haikuwa vibaya kutumaini, kwa kuwa mlango ulifunguliwa mara tatu. Mwaka 2005 ikaja nyongeza iitwayo Winter Assault, ikaleta Imperial Guard, askari wa kawaida wa dola. Mwaka 2006 ikaja Dark Crusade, ikaleta makabila mawili, Tau na Necrons. Machi 2008 ikaja Soulstorm, ikaleta mawili mengine, Dark Eldar na masista wapiganaji wa dola. Manne yakawa tisa. Wageni watano waliingia, na kila safari sisi wa maharage tulisimama nje tukiwatazama wanavyokaribishwa. Tau ndio walioniuma zaidi. Hao walizaliwa kwenye mchezo wa mezani mwaka 2001 tu, wakati Tyranids walikuwamo tangu 1987. Mtoto wa jana anapewa kiti, babu amesimama.

Hasira za mshabiki ni rahisi. Kazi yenyewe si rahisi, na ni haki kuieleza. Makabila yakiwa manne, jozi za maadui tofauti ni 6. Yakiwa matano jozi ni 10, yakiwa saba ni 21, yakiwa tisa ni 36. Kabila la kumi lingeongeza jozi 9 kwa mpigo, na kila jozi lazima ipimwe: je, huyu akikutana na yule kuna matumaini, au mmoja ameshinda kabla ya kuanza? Ukimpunguzia mmoja nguvu ili asimwonee mwenzake, umemdhoofisha mbele ya wengine wote. Hapo hujachora hata kiumbe kimoja, hujarekodi hata sauti moja. Na zile namna za kummaliza adui zilizotufurahisha zinahitaji miili miwili ishikane sawasawa, aliye na miguu miwili na aliye na miguu sita. Waliofanya kazi hii hawakuwa matajiri wasiojali. Soulstorm ilitengenezwa na kampuni nyingine, Iron Lore, ya Massachusetts, na kampuni hiyo ilifungwa Februari 2008, muda mfupi kabla ya kazi yake kufika madukani.

Kwa Tyranids ugumu ulikuwa mkubwa zaidi, na kwa maoni yangu ulikuwa katika mfupa wa mchezo wenyewe. Dawn of War ni mchezo wa kujenga. Una makao makuu, unasimamisha kambi, karakana, mitambo ya umeme. Unateka kituo na kukiwekea ngome. Sasa siafu atajenga karakana ya nini? Kabila ambalo maana yake yote ni kupita na kula utalipaje kituo cha kukaa na kulinda? Hata hivyo hoja hii haimalizi mambo, maana Necrons nao walikuwa wagumu. Hao ni wafu wa chuma wasiohitaji mapato ya vituo, na mwaka 2006 watengenezaji hawakuwalazimisha kuvaa nguo za wengine. Waliwapa kanuni zao: walitumia nishati tu, na vituo walivyoteka viliwaharakishia uzalishaji badala ya kuwalipa. Dark Eldar wakapewa roho za waliokufa ziwe sarafu yao. Kwa hiyo ufundi wa kumtungia mgeni sheria inayolingana na tabia yake ulikuwapo. Palipo na roho kuwa sarafu, nyama ingeshindikanaje?

Mashabiki hawakungoja jibu. Kikundi cha watu wa kujitolea kiliwatengeneza Tyranids wenyewe na kuwaingiza katika Dark Crusade, kisha katika Soulstorm. Ilikuwa kazi ya miaka, ya usiku na ya siku za mapumziko. Walichonga maumbo ya viumbe kwa kompyuta, wakawapa mwendo, wakaandika kanuni, wakazipima, wakazirekebisha, wakagawa bure. Hawakuwa na ruhusa ya kuuza hata kama wangetaka, kwa kuwa jina, umbo na hadithi ni mali ya Games Workshop, na mchezo wenyewe ulikuwa wa THQ. Miaka ya baadaye matunda ya kazi za namna hiyo yalikusanywa katika furushi kubwa liitwalo Ultimate Apocalypse, ambalo hadi leo wapo wanaolicheza kuliko mchezo wa asili.

Niliposikia habari hiyo nilitafuta nakala, na aliyenipatia aliileta kwenye sidii ndani ya bahasha ya khaki. Nilifurahi kama mtoto. Walikuwa wengi, walikuwa wabaya, walikimbia kama walivyopaswa kukimbia. Lakini mchezo ulidai majengo, na wao wakapewa majengo. Hapo nikaona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa mwombaji tu: kabila likiingizwa katika mchezo, mchezo nao huingia katika kabila. Siafu walikuwa wamefundishwa kukaa kambini.

Sitaki kuonekana namtafutia kasoro mtu aliyenipa zawadi. Ninaloliona zito ni hili, kwamba watu wale walitumia miaka ya maisha yao kwenye ardhi isiyo yao. Walipanda kama anayelima shamba la kuazima, akijua kwamba mwenye shamba anaweza kuja asubuhi yoyote. Mwenye shamba huyo si wa kufikirika. Mwaka 2021 Games Workshop ilitangaza wazi kwamba filamu na katuni zinazotengenezwa na mashabiki kutokana na hadithi zake haziruhusiwi, na watu waliokuwa wakizitengeneza kwa mapenzi matupu wakalazimika kuamua wafuate njia gani. Sheria iko upande wake. Lakini kitu kinachopendwa na watu kwa zaidi ya miaka 30 kimeendelea kuishi kwa jasho lao pia.

Februari 2009 ombi letu likajibiwa rasmi. Relic walitoa Dawn of War II, na Tyranids walikuwamo tangu siku ya kwanza, pamoja na Space Marines, Orks na Eldar. Waliotaka wakapewa, na kwa wenye mchezo wenyewe, si kwa mlango wa nyuma. Nawakumbuka rafiki zangu wawili walionipigia simu siku moja kunipongeza kana kwamba nimeoa.

Ila mchezo haukuwa ule. Ujenzi ulikuwa umeondolewa karibu wote. Vikosi vilikuwa vichache, kila kimoja cha kutunzwa kama yai, na ramani zilikuwa za kujificha nyuma ya kuta na kuviziana. Kwa upande mmoja mabadiliko hayo yaliwafaa Tyranids, kwani kambi hazikuwapo tena. Kwa upande mwingine yaliwanyima kitu kimoja wasichoweza kuishi bila hicho, yaani wingi. Mchezo ambao ungeweza kubeba lundo ulikuwa umeachwa nyuma, katika 2004. Tena katika hadithi ya mchezaji mmoja mwaka huo uliweza kuwa Space Marines tu. Tyranids walikuwa wale wa kuuawa. Ilibidi kungoja nyongeza ya Retribution, Machi 2011, ndipo mtu aweze kuipitia hadithi nzima akiwa upande wao. Niliipitia. Haina mazungumzo mengi, kama inavyostahili.

Tangu hapo historia imekwenda haraka na kwa mikwaruzo. THQ ilifilisika Desemba 2012, na Januari 2013 Relic ikanunuliwa na Sega. Dawn of War III ilitoka Aprili 2017 ikiwa na makabila matatu tu, na mapema mwaka 2018 ikatangazwa kwamba haitaongezewa kitu. Wale waliokuwa wamenunua kwa kutumaini kwamba kabila lao litafuata wakabaki na matumaini yao.

Wakati huohuo watengenezaji wengine walikuwa wamegundua kwamba ombi la mshabiki ni bidhaa. Gladius, mchezo wa zamu kwa zamu uliotoka Julai 2018, ulianza na makabila manne, na kila kabila lililofuata liliuzwa peke yake. Tyranids walikuwa wa kwanza kuongezwa, Januari 2019. Baadhi ya watu wanaona huo ni unyang'anyi. Mimi sioni hivyo. Anayefanya kazi alipwe, na afadhali bei iliyoandikwa kuliko ahadi isiyoandikwa. Mwezi huohuo ilitoka Battlefleet Gothic: Armada 2, ya vita vya merikebu angani, yenye makabila 12, na Tyranids wakapewa kisa chao chenyewe cha kuchezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo siwezi kusema tena kwamba tumenyimwa. Tumelishwa karibu kila mahali, isipokuwa pale tulipoanzia kuomba.

Agosti 2025 mambo mawili yalitokea. Dawn of War ya kwanza ilitolewa upya na Relic, ikiwa imesafishwa kwa ajili ya kompyuta za sasa, na makabila yake ni yaleyale tisa. Siku chache baadaye ikatangazwa Dawn of War IV, kazi ya King Art, kampuni ya Bremen, Ujerumani, yenye ujenzi wa kambi kama zamani. Makabila yaliyotajwa katika tangazo hilo ni manne: Space Marines wa Blood Ravens, Orks, Necrons na Adeptus Mechanicus. Mpwa wangu, ambaye amerithi upande wangu bila kurithi maharage, alinisomea orodha hiyo kwa simu kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwenzake.

Aliniuliza kama tuombe tena. Nikamwambia tuombe, lakini safari hii tuseme tunachokitaka hasa. Tusiombe kambi. Tuombe ramani inayolika. Mchezo uanze kwenye bonde lenye mto, nyasi na miti, na kila kitu humo kiwe ni chakula chetu. Tunapopita, majani yaishe, mto ukauke, na kila tulichokula kizae mmoja wetu. Maadui wawe na nafasi ya kutushinda iwapo watatuua wakubwa mapema, kabla hatujashiba. Wakichelewa, mwisho wa mchezo ramani iwe mwamba mtupu, wala kituo cha kuteka kisiwepo, na sisi tuwe tumekwisha kuondoka.